Minyoo ya Safura na Protini za Mwili: Jinsi Kimelea Kinavyojipatia Riziki Ndani ya Utumbo

Kipande cha nyama kikishamezwa hakidumu. Asidi ya tumbo hukilegeza, pepsini hukikata, na tripsini pamoja na vimeng'enya vingine vya kongosho huikamilisha kazi hiyo katika utumbo mwembamba. Mnyoo nao ni nyama. Mwili wake umejengwa kwa protini, na vimeng'enya hivyo havina macho ya kutofautisha protini ya mbuzi na protini ya mnyoo. Hata hivyo mchango, yaani mnyoo mviringo mkubwa, huishi katika majimaji hayo kwa mwaka mmoja au zaidi bila kudhurika, na siku unapokufa ndipo huanza kumeng'enywa kama chakula kingine chochote. Ngozi ngumu ya mnyoo ni sehemu tu ya maelezo. Sehemu nyingine ni kwamba mnyoo ulio hai hutengeneza protini ndogo ambazo huingia katika sehemu ya kukatia ya pepsini na ya tripsini na kuiziba, mithili ya kijiti kilichopachikwa katika mdomo wa mkasi.

Kitendo hicho cha protini moja kuishika nyingine na kuibatilisha ndicho msingi wa maisha ya minyoo yote ya utumbo. Kukifahamu husaidia kujibu maswali mawili ambayo wauguzi na walimu huulizwa kila mara zoezi la kumeza dawa za minyoo linapofika shuleni: kwa nini mtoto aliyetibiwa mwaka jana anayo tena mwaka huu, na kwa nini mpaka leo hakuna chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani watu bilioni 1.5 duniani wana minyoo inayoenezwa kwa njia ya udongo, nayo ni mchango, minyoo mjeledi na minyoo ya safura. Makala haya yanaishughulikia zaidi minyoo ya safura, kwa sababu ndiyo inayokula damu, na kwa sababu protini zake zimechunguzwa kwa undani kuliko za wenzake.

Kutoka udongoni

Minyoo ya safura inayowapata binadamu kwa wingi ni ya aina mbili, Necator americanus na Ancylostoma duodenale. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, na baada ya siku kadhaa lava huwa tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Njia hiyo ya ngozi iligunduliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1898 huko Cairo, mtaalamu wa vimelea Arthur Looss alijimwagia mkononi maji yenye lava, akahisi mwasho, na baadaye akayakuta mayai ya safura katika kinyesi chake mwenyewe. Kutoka kwenye ngozi lava husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda koo, humezwa, na kufika katika utumbo mwembamba, ambako hukua na kuwa mnyoo wenye urefu wa takribani sentimita moja.

Safari hiyo nayo inahitaji protini. Ngozi ya binadamu imeshikiliwa na nyuzi za kolajeni na elastini, na lava hutoa vimeng'enya vya kuzikata nyuzi hizo. Wakati huohuo hutoa kwa wingi protini iitwayo ASP-2, ambayo kazi yake kamili bado inajadiliwa, lakini ambayo itatajwa tena mbele kwa sababu nzito.

Damu isiyoganda

Mnyoo uliokomaa huuma ukuta wa utumbo, huvuta kipande cha utando ndani ya kinywa chake, na kupasua vishipa vidogo vya damu. Kwa kawaida jeraha la ukubwa huo hujifunga lenyewe baada ya dakika chache. Mnyoo huishi kwa kuhakikisha kwamba halijifungi.

Ili kuelewa jinsi hilo linavyofanyika, yafaa kukumbuka jinsi damu inavyoganda. Katika damu huelea protini kadhaa za kugandisha ambazo wataalamu wamezipa namba badala ya majina. Mshipa unapokatika, damu hukutana na protini iliyomo katika seli za nje ya mshipa, protini ambayo kwa kawaida damu haiioni. Kigandishi namba 7 huishika protini hiyo, na kwa pamoja hukiamsha kigandishi namba 10. Namba 10 kikiamka huchochea utengenezaji wa thrombini, nayo thrombini hufuma nyuzi za bonge la damu. Kila hatua huikuza iliyotangulia, hivyo cheche ndogo mwanzoni hutoa moto mkubwa mwishoni. Adui mwenye akili angeizima cheche, wala asingesubiri moto.

Hivyo ndivyo mnyoo unavyofanya. Tangu mwaka 1904 Leo Loeb na A. J. Smith walikuwa wameonyesha kwamba minyoo ya safura ya mbwa ina kitu kinachozuia damu isigande. Ilichukua takribani miaka tisini mingine kukitenga kitu hicho na kukuta kwamba si kimoja bali ni jamii nzima ya protini ndogo. Mojawapo, NAPc2, ina asidi amino 85 tu, ambazo ni chache sana kwa protini. Haikikimbilii kigandishi namba 7 moja kwa moja. Kwanza hukishika kigandishi namba 10 mahali palipo mbali na sehemu yake ya kukatia, kisha, ikiwa imeshikamana nacho, hukifunga kigandishi namba 7 palepale kilipokaa juu ya jeraha. Kwa maneno mengine, mnyoo huitumia protini ya mwenyeji kama kamba ya kuifungia protini nyingine ya mwenyeji. Protini nyingine za mnyoo huzuia chembe sahani zisishikane, na hivyo kuziba njia ya pili ambayo mwili ungeitumia kufunga kidonda.

Ubora wa NAPc2 uliwavutia hata wasioshughulika na minyoo. Ilitengenezwa maabara na kujaribiwa kama dawa ya kuzuia damu isigande kwa wagonjwa waliobadilishwa goti. Mwaka 2003 ilijaribiwa pia kwa tumbili walioambukizwa Ebola, ugonjwa ambao huvuruga ugandaji wa damu. Watatu kati ya tisa waliopewa walinusurika, ilhali ugonjwa huo huua karibu tumbili wote. Haikuwa tiba, lakini inaonyesha jinsi protini ya mnyoo inavyokilenga kiungo nyeti cha mfumo wetu kwa usahihi ambao wataalamu wa dawa huutamani.

Hesabu ya madini ya chuma

Mnyoo mmoja wa Necator humpotezea mwenyeji wake takribani mililita 0.03 za damu kwa siku. Ancylostoma hula zaidi, kati ya mililita 0.15 na 0.26. Viwango hivyo ni vidogo hadi vinapozidishwa. Mama mwenye minyoo 100 ya Necator hupoteza mililita 3 kwa siku. Mililita moja ya damu yenye himoglobini ya kutosha hubeba takribani nusu miligramu ya madini ya chuma, hivyo upotevu wake ni kama miligramu moja na nusu kila siku. Sehemu ya madini hayo hufyonzwa tena chini zaidi ya utumbo, lakini mwili kwa kawaida hufyonza miligramu moja hadi mbili tu kutoka katika chakula cha siku nzima. Mama huyo hula, lakini sehemu kubwa ya anachokipata hupotelea tumboni mwake. Akipata mimba, mtoto naye hudai sehemu yake, na hapo akiba huisha. Hii ndiyo sababu inapendekezwa kwamba, mahali penye minyoo mingi, mjamzito apewe dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Hii pia ndiyo sababu kidonge cha minyoo pekee hakitoshi kumtibu mwenye upungufu wa damu. Kidonge huondoa mnyoo. Chuma kilichokwisha kupotea hakirudishi, na ni lazima kirudishwe kwa vidonge vya madini na kwa chakula.

Damu iliyomezwa nayo haimfai mnyoo mpaka ivunjwe. Himoglobini ni protini kubwa, na ndani ya utumbo wa mnyoo hukatwa kwa zamu. Kimeng'enya kiitwacho APR-1 hukata mara ya kwanza. Bila mkato huo wenzake hawawezi kuanza. Kisha vimeng'enya vya aina nyingine huvipunguza vipande mpaka vinakuwa vidogo vya kufyonzwa. Kinachobaki ni hemu, yaani ile sehemu yenye chuma inayoipa damu wekundu wake, nayo ikiwa huru ni sumu kwa mnyoo. Protini nyingine, GST-1, huikamata hemu hiyo na kuituliza.

Hapa kuna jambo ambalo halizingatiwi inavyostahili. APR-1 ya mnyoo wa binadamu huikata himoglobini ya binadamu kwa kasi zaidi kuliko ya mbwa, na APR-1 ya mnyoo wa mbwa huikata ya mbwa kwa kasi zaidi kuliko ya binadamu. Lava wa safura ya mbwa wakimwingia mtoto anayecheza katika mchanga, kwa kawaida hutambaa chini ya ngozi na kuacha mistari inayowasha, kisha hufa bila kukomaa. Sababu za kushindwa kwao ni zaidi ya moja, lakini tofauti hiyo ya vimeng'enya ni mojawapo. Mnyoo umechongwa kwa ajili ya mwenyeji wake kama ufunguo unavyochongwa kwa kufuli moja.

Mwili haukai kimya

Utumbo una njia zake za kutambua mgeni. Katika utando wake zimo seli chache zenye kishungi juu yake, ambazo kwa muda mrefu hazikujulikana zilikuwa na kazi gani. Mwaka 2016 uchunguzi kwa panya ulionyesha kwamba seli hizo hunusa uwepo wa minyoo na kutoa ishara, na kwamba ishara hiyo huamsha seli za kinga zinazotoa interlukini-13. Ujumbe huo wa kiprotini huubadilisha utumbo mzima: seli za ute huongezeka, ute wenyewe hubadilika na kuwa mzito, utando hujifanya upya kwa haraka zaidi, na misuli hujikunja kwa nguvu. Nia yake ni kumng'oa mgeni na kumsukuma nje. Wakati huohuo damu hujaa kingamwili za aina ya IgE pamoja na chembe nyeupe ziitwazo eosinofili, na daktari anapoona eosinofili nyingi katika kipimo cha damu cha mkulima, minyoo huwa miongoni mwa mambo ya kwanza anayoyafikiria.

Kwa panya wengi jibu hilo hutosha, na minyoo hutoka. Kwa binadamu halitoshi. Mchango na minyoo mjeledi huwa mingi zaidi kwa watoto wa shule, kisha hupungua kwa watu wazima, dalili kwamba kinga fulani hujengeka. Minyoo ya safura mara nyingi huendelea kuongezeka mpaka utu uzima. Mtu anaweza kuishi nayo miaka arobaini na mwili wake usijifunze kuifukuza.

Sababu ni kwamba mnyoo huukatiza ujumbe kabla haujafika. Safura ya mbwa hutoa protini inayokishika kipokezi ambacho nyutrofili hukitumia kushikilia ukuta wa mshipa, hivyo askari hao hupita mbele ya jeraha bila kuweza kusimama. Mnyoo mjeledi wa panya hutoa kwa wingi protini iitwayo p43. Mwaka 2019 ilibainika kwamba protini hiyo huishika interlukini-13 yenyewe, na kwamba hujishikiza pia katika nyuzi zilizo kati ya seli, ili isisombwe na ute bali ikae hapohapo inapohitajika. Mfano wa ajabu kuliko yote unatoka kwa mnyoo mwingine wa panya, Heligmosomoides. Mwili wa mamalia una protini iitwayo TGF-beta ambayo huzituliza seli za kinga zisipigane kupita kiasi. Mnyoo huo umebuni protini yake inayokishika kipokezi kilekile na kutoa amri ileile ya kutulia, ilhali kwa umbo na kwa asili haina undugu wowote na TGF-beta. Kimelea kimejifunza kuigiza sauti ya mkuu wa kambi bila kuwa na koo lake.

Hivyo basi mtoto aliyetibiwa mwaka jana hakutoka katika ugonjwa wake akiwa na kinga, kama anavyotoka aliyeugua surua. Alitoka akiwa vilevile alivyoingia, na udongo wa uwanja wa nyuma ya choo bado una lava.

Chanjo iliyosimamishwa

Katika jitihada za kutafuta chanjo, protini ya kwanza kupewa nafasi kubwa ilikuwa ASP-2, ile ambayo lava huitoa anapoingia mwilini. Hoja yake ilikuwa nzuri. Wanyama waliochanjwa walipata minyoo michache zaidi, na watu waliokuwa na kingamwili dhidi yake katika maeneo yenye maambukizi walionekana kuwa na minyoo michache. Chanjo ilijaribiwa kwanza Marekani kwa watu wazima ambao hawajawahi kukutana na safura, nao hawakupata shida kubwa. Kisha jaribio likahamia Brazili, katika eneo la mashambani ambako safura imeenea, yaani kwa watu ambao chanjo hiyo ilikusudiwa kwao.

Watatu kati ya waliochanjwa walitokwa na vipele vya mzio mwili mzima muda mfupi baada ya dozi ya kwanza. Jaribio lilisimamishwa. Damu yao, iliyokuwa imehifadhiwa kabla ya chanjo, ilipopimwa, ilikutwa na IgE dhidi ya ASP-2. Miili yao ilikuwa imekwisha kukutana na protini hiyo mara nyingi kupitia ngozi za miguu yao, na kila mara ilikuwa imeweka IgE juu ya seli zinazohifadhi histamini. Chanjo haikuwafundisha kitu kipya. Iliwasha kile ambacho maambukizi yalikuwa yamekitegesha. Watafiti walipopima wakazi wengine wa eneo hilo walikuta IgE hiyo kwa watu wengi, wakiwamo watoto.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012, na uzito wake haujapungua. Chanjo iliyo salama kwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani inaweza kuwa ya hatari kwa mkulima wa Pwani au wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu mkulima huyo haanzi na ukurasa mtupu. Yeyote anayepanga kujaribu chanjo ya minyoo katika nchi zetu hana budi kuanza kwa kupima IgE, na anayelipuuza hilo kwa haraka ya kuanza ni afadhali asianze kabisa.

Watafiti waligeukia protini ambazo mnyoo huzificha. APR-1 na GST-1 hufanya kazi ndani ya utumbo wa mnyoo, na mwili wa mwenyeji hukutana nazo kwa nadra, hivyo IgE dhidi yake ni chache. Fikra ni kwamba mnyoo utameza kingamwili za aliyechanjwa pamoja na damu yake, na kingamwili hizo zitavizuia vimeng'enya humo humo tumboni mwa mnyoo, hata ushindwe kusaga ulichokunywa. Ni kisasi cha aina yake. APR-1 ya chanjo hubadilishwa kwanza ili isiweze kukata, kwa maana hakuna anayetaka kumdunga mtu kimeng'enya kinachovunja himoglobini. Protini hizo mbili zimejaribiwa kwa watu wazima nchini Marekani, Brazili na Gabon, na matokeo ya Gabon, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba hazikuleta vipele vile na kwamba kingamwili zilipanda. Kupanda kwa kingamwili bado si sawa na kupungua kwa minyoo.

Kidonge nacho hushika protini

Albendazoli na mebendazoli nazo hufanya kazi kwa kushika. Protini zinazolengwa ni tubulini za mnyoo, ambazo hujipanga kuwa vijiti vidogo vinavyosafirisha mizigo ndani ya seli. Dawa ikijipachika kwenye tubulini, vijiti haviundwi, seli za utumbo wa mnyoo hushindwa kufyonza sukari, na mnyoo hufa njaa. Tubulini ya binadamu hushikwa kwa udhaifu zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto kumeza kidonge hicho kwa usalama.

Si minyoo yote inayoshikwa sawasawa. Katika utafiti uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2014, dozi moja ya albendazoli iliponya asilimia 2.6 tu ya watoto waliokuwa na minyoo mjeledi, na mebendazoli asilimia 11.8. Albendazoli ilipoongezewa oxanteli, dawa inayokishika kipokezi cha misuli ya mnyoo badala ya tubulini, walipona asilimia 31.2. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe "ameshatibiwa minyoo" anastahili kujua ni minyoo ipi.

Tena kuna tatizo la ufunguo na kufuli kwa upande wa pili. Asidi amino moja ikibadilika katika tubulini ya mnyoo, hasa nafasi ya 167, ya 198 au ya 200, dawa haishiki tena. Kwa kondoo na mbuzi jambo hilo limekwisha kuenea duniani baada ya miaka mingi ya kuwapa dawa hizo mara kwa mara. Huko Marekani safura ya mbwa inayostahimili dawa za aina kadhaa kwa pamoja imefuatiliwa hadi kwa mbwa wa mashindano ya mbio, waliokuwa wakipewa dawa kila baada ya muda mfupi maisha yao yote. Kwa minyoo ya binadamu mabadiliko ya namna hiyo yameonekana mahali kadhaa, ingawa kushindwa kwa dawa kwa kiwango kile cha mifugo hakujathibitishwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya watafiti wanaopima ufanisi wa dawa mashuleni hawaishii tena kuhesabu mayai kwa darubini kabla na baada ya kidonge. Huyahifadhi mayai hayo, hutoa jeni ya tubulini, na kuzisoma nafasi hizo tatu moja baada ya nyingine.